Breki za Impreza kwa siku ya uwanja: anza na chupa ya mafuta, kalipa baadaye

Ilikuwa siku ya uwanja, ile siku unayoingiza gari lako mwenyewe kwenye uwanja wa mbio, na pedali ya breki ilinitupa mkono kwenye mzunguko wa tano. Mizunguko minne ya mwanzo ilikuwa tamu, gari linasimama pale pale ninapotaka. Wa tano nikakanyaga mwisho wa mnyoosho, mguu ukazama kana kwamba nimekanyaga sponji lililolowa. Nikapampu mara mbili, mara tatu, pedali ikapanda kidogo, nikaipita ile kona nikitumia lami yote na nyasi za pembeni. Moyo ulikuwa unagonga mpaka kwenye helmeti.

Tulipolipandisha gari jeki, fundi aliyekuwa nami alifungua nipeli (skrubu ya kutolea mafuta na hewa) ya kalipa ya mbele, kile kibano kinachozibana pedi kwenye diski. Mafuta yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, na ndani ya mpira mwangavu alioupeleka kwenye chupa vipovu vidogo vilikuwa vikipanda kwa foleni. "Mkubwa," akaniuliza, "haya mafuta ulibadilisha lini?" Nikamwambia miezi miwili iliyopita; gereji fulani ilinitoza hela ya kazi hiyo. Akatikisa kichwa, akaninyanyulia chupa niione vizuri. Hayakuwa yamebadilishwa kwa miaka.

Tangu siku hiyo breki za gari langu nimezijenga upya kipande kwa kipande, na nimewasaidia wenzangu kadhaa kufanya hivyo. Ninalotaka ulishike kabla hujatoa hata shilingi ni hili: uwanjani breki hazishindwi kwa kukosa nguvu, zinashindwa na moto. Kama gari lako linaweza kuamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) kwenye lami kavu, nguvu tayari unazo, na kinachoamua utasimama kwa mita ngapi ni tairi. Unachonunua sasa ni uwezo wa kusimama vile vile mzunguko wa kumi kama ulivyosimama wa kwanza.

Nitazungumzia Subaru Impreza WRX ya kizazi cha GD, ile iliyotoka kati ya 2000 na 2007, kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono na ndiyo imejaa huku kwetu. Mwenye Forester ya turbo, Mitsubishi Evo au Toyota 86 atafuata mpangilio huu huu, vipimo tu ndivyo vitakavyobadilika.

Moto wenyewe ni mwingi kiasi gani

Chukua gari la kilo 1,400 linalotoka kilomita 160 kwa saa hadi 60. Nguvu ya mwendo unayoiondoa hapo ni karibu jouli milioni 1.2. Hiyo yatosha kuchemsha sufuria ya maji ya lita tatu na nusu, kutoka ubaridi wa bombani hadi yatokote, na wewe umeimaliza kwa sekunde tatu au nne. Yote inageuka joto, na kwa kuwa gari likifunga breki uzito hulala mbele, karibu asilimia 70 ya joto hilo huishia kwenye diski mbili za mbele. Diski moja ya chuma cha kusubu yenye kilo saba hivi hupanda karibu nyuzi 120 kwa mkanyago huo mmoja tu. Kabla haijapoa unafika kona nyingine, unaiongezea.

Barabarani hilo hulioni, kwa sababu kati ya breki moja kali na nyingine kuna dakika nzima za upepo. Viwanja vyetu, kama Whistling Morans kule Athi River, ni vifupi na kona zake zinafuatana. Hufiki kasi za kutisha, lakini diski haipati mnyoosho mrefu wa kupumulia. Tena Nairobi na viunga vyake viko juu, mita 1,500 hadi 1,700 na zaidi, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo inapoza kidogo. Hata busta ya breki, kile kifaa kinachousaidia mguu wako kusukuma pedali, husukumwa na uzito wa hewa ya nje. Huku uzito huo ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani, na ndiyo maana pedali ya gari lile lile huonekana nzito zaidi ukiwa huku juu. Si ugonjwa, usikimbilie kubadilisha busta.

Soma pedali yako kabla ya kununua chochote

Kuna namna mbili za breki kuchoka, na dawa zake ni tofauti.

Ikiwa pedali inakuwa laini na kuzama, mafuta yamechemka. Majimaji hayabanwi, lakini mvuke unabanwa, kwa hiyo nguvu ya mguu wako inaishia kukandamiza vipovu. Ikiwa pedali imebaki ngumu na juu kama kawaida, ila gari halisimami hata ukanyage kwa miguu miwili, hapo ni pedi. Zimepita joto lake, gundi inayozishikilia imeanza kuungua na pedi inateleza juu ya diski. Mara nyingi utaisikia harufu kabla ya kitu kingine, kali, inayokaa kooni, kama mpira na nywele vimeungua pamoja.

Ipo na ya tatu isiyotokana na moto. Umepanda ukingo wa kona, mkanyago unaofuata pedali iko chini, wa pili iko sawa. Hapo diski imeyumba na kuzirudisha pedi ndani, na mara nyingi beringi ya gurudumu imeanza kucheza. Itikise kwa mikono gari likiwa juu.

Hatua ya 1: Kagua ulichonacho

Panga nusu siku. Unahitaji jeki na stendi nne imara (usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja), spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), brashi ya waya, kipimo cha unene, glavu na miwani.

Toa magurudumu yote. WRX nyingi zilizotoka Japani zina kalipa za pistoni nne mbele. Nyingine zina pistoni mbili na kalipa inayoteleza kwenye pini. Chungulia yako ni ipi kabla ya kuagiza pedi, maana pedi zake haziingiliani. Pima unene wa diski. Ya mbele kwenye WRX ni kipenyo cha milimita 294 kwa unene wa 24 ikiwa mpya, na mwisho wa unene wake ni 22. Namba hiyo huwa imegongwa kwenye diski yenyewe. Diski iliyofika 22.5 inatosha kwenda kazini. Uwanjani usiipeleke, kwa sababu chuma kilicholiwa ndicho kilichokuwa kikibeba joto.

Kwa kalipa inayoteleza, vuta pini zote. Zikiwa kavu au zina kutu, pedi moja inaisha huku mwenzake ni mzima, na gari linavuta upande. Safisha, paka grisi ya silikoni inayostahimili joto, rudisha. Kwa ile ya pistoni nne, angalia vifuniko vya mpira vinavyozuia vumbi kwenye pistoni. Kilichopasuka kimeshaingiza matope.

Hatua ya 2: Mafuta ya breki na mipira yake

Hapa ndipo fedha kidogo inaleta tofauti kubwa kuliko mahali pengine popote kwenye gari, na hapa ndipo nitakaa.

Mafuta ya breki hunywa unyevu. Unapita kwenye mipira (hosi zinazopeleka mafuta kwenye kalipa), unapita kwenye kifuniko cha kopo la mafuta, na gari la pwani hulewa maji hayo mapema kuliko la Nakuru. Maji yakiingia, kiwango cha kuchemka kinaporomoka. DOT ni daraja la mafuta lililoandikwa kwenye chupa. Kiwango cha chini kinachotakiwa kwa DOT 4 ni nyuzi 230 yakiwa mapya makavu, na 155 yakishalowa. DOT 3 ni 205 na 140. DOT 5.1 ni 260 na 180. Sasa linganisha na mafuta ya uwanjani: Motul RBF 600 huchemka kwenye nyuzi 312 yakiwa makavu na karibu 205 yakilowa, Castrol SRF ni zaidi ya 310 na karibu 270, ila bei yake inauma. Kwa anayeanza, RBF 600 au mafuta mengine ya daraja hilo yanatosha kabisa. Chupa ni nusu lita, nunua mbili.

Jihadhari na jambo moja: DOT 5, isiyo na ile pointi moja, ni ya silikoni. Haichanganyiki na hizi nyingine na haifai gari lenye ABS. Muuzaji akikuambia "ni ile ile tu", muage kwa heshima uondoke.

Kwa kuwa utafungua mfumo, badilisha mipira siku hiyo hiyo kama imezeeka. Ikunje kwa vidole: ukiona vijiufa kwenye ngozi ya mpira, imemaliza kazi. Mipira mipya ya kawaida ni sawa. Ile iliyovikwa wavu wa chuma haipunguzi umbali wa kusimama, lakini haivimbi ikipata joto, na pedali inabaki imara mguuni. Hakikisha haigusi tairi usukani ukikatwa mwisho kushoto na kulia, gari likiwa juu na likiwa chini.

Kutoa mafuta ya zamani na hewa kunafanywa hivi:

1. Nyonya mafuta machafu kutoka kwenye kopo la masta silinda (pampu inayosukumwa na pedali) kwa bomba la sindano, jaza mapya. Tandaza kitambaa kilicholowa maji juu ya rangi ya gari. Mafuta haya hula rangi, na yakidondoka suuza kwa maji mara moja.

2. Weka kipande cha ubao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Masta silinda ya gari kuukuu ina sehemu ya ndani ambayo haijawahi kupitiwa na mpira wake wa kuziba mafuta. Ukiipeleka pedali mpaka chini, kutu ya huko inachana mpira na jioni unakuwa na tatizo jipya.

3. Fuata mpangilio wa Subaru wa kizazi hiki, unaokwenda mshazari: mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia. Fundi wengi wamezoea kuanza na gurudumu la mbali zaidi. Kwa gari hili mweleze mapema.

4. Vika mpira mwangavu kwenye nipeli, ncha ya pili izame ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage taratibu na kushikilia. Wewe fungua robo mzunguko, mafuta yatoke, funga, ndipo useme "achia". Yeye asiachie kabla hujasema. Mkubaliane maneno kabla ya kuanza, maana hapa ndipo hewa hurudi ndani.

5. Rudia mpaka yatoke ya rangi mpya bila hata kipovu kimoja. Kila mikanyago mitano au sita angalia kopo. Likikauka, hewa inaingia mpaka kwenye kifaa cha ABS, na kuitoa huko ni kazi ya siku nyingine.

6. Kalipa za Brembo, zile za STI (toleo kali zaidi la Impreza), zina nipeli mbili kila moja. Toa hewa zote mbili.

Ukimaliza, washa gari, kanyaga kwa nguvu na ushikilie dakika nzima. Pedali isisogee. Ikizama polepole, kuna mahali panavuja au masta silinda imechoka, na gari haliendi popote. Halafu zunguka na tochi kwenye kila kiungo. Mafuta yaliyotoka usiyarudishe kamwe, hata yakionekana masafi, na chupa iliyofunguliwa mwaka jana si mafuta tena ya uwanjani.

Hatua ya 3: Pedi

Pedi za kawaida zimetengenezwa zishike zikiwa baridi, zisipige kelele, zisichafue rimu. Diski ikipita nyuzi 400 hivi, nyingi hulegea. Pedi za mbio zinavumilia 600, hata 700 na zaidi, lakini asubuhi ya baridi Limuru, kwenye mkanyago wa kwanza, zinaweza zisishike karibu kabisa. Kwa hiyo usiwaulize watu "pedi gani ni bora". Jiulize gari hili linafanya nini siku sita nyingine za wiki.

Kama ndilo gari lako la kila siku na unaanza, chukua pedi za kati, za barabara na uwanja pamoja. Ferodo DS2500 ni mfano mzuri: inashika ikiwa baridi na inafika karibu nyuzi 500. Endless, Project Mu, Hawk, Pagid na Carbotech wote wana madaraja yao. Soma kiwango cha joto kilichoandikwa na mtengenezaji, rangi ya boksi haikuambii kitu. Ukishakuwa na kasi, uwe na seti mbili na ubadilishe. Kwenye kalipa ya pistoni nne pedi hutoka kwa juu ukichomoa pini mbili tu, bila kufungua kalipa. Ni kazi ya robo saa kwa gurudumu.

Nyuma usiweke pedi kali kuliko mbele. Nyuma ikishika kupita kiasi unapoingia kona huku umefunga breki, gari linageuka kabla yako.

Na pedi bandia zipo, zimejaa. Nilishawahi kushika moja iliyokuwa na boksi zuri, stika zinazong'aa, lakini nilipoikwangua kwa ukucha ikaacha unga kama chaki, na kati ya pedi na bamba lake la chuma palipita kipande cha karatasi. Pedi ya kweli imeshikana na bamba lake kama ngozi na nyama, ina namba ya toleo iliyogongwa kwenye chuma, na muuzaji hakatai uifungue kabla ya kulipa. Iwe unanunua Kirinyaga Road Nairobi au Gerezani Dar es Salaam, ifungue.

Hatua ya 4: Zizoeshe pedi na diski

Pedi mpya inatakiwa kupaka tabaka jembamba la malighafi yake kwenye uso wa diski. Ukiruka hatua hii pedi inang'aa kama kioo na haitashika tena vizuri.

Tafuta mahali palipo wazi na salama. Mizunguko ya mwanzo ya siku ya uwanja ndiyo bora. Kamwe isiwe Thika Road saa za watu. Kutoka kilomita 100 punguza mpaka 20, kwa nguvu lakini bila kuamsha ABS, mara nane hadi kumi mfululizo. Usisimame kabisa katikati ya zoezi, kwa sababu pedi iliyochemka ikitulia juu ya diski inaacha alama, na alama hiyo ndiyo watu huiita diski iliyopinda. Kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki zipoe. Diski itakuwa na rangi ya kijivu-buluu iliyoenea sawasawa. Mtengenezaji akitoa maelekezo yake, fuata yake.

Hatua ya 5: Lete hewa

Wengi wangeacha kununua kalipa kubwa kama wangejaribu hili kwanza. Diski yenye matundu ya hewa katikati ni pampu: inavuta hewa karibu na habu (kitovu cha gurudumu) na kuitupa nje kwenye ukingo. Ukipeleka hewa kwenye uso wa diski unapoza upande mmoja tu. Ipeleke kwenye jicho lake, pale katikati.

Kwenye Impreza nafasi ya taa za ukungu ndiyo mdomo wa asili. Toa taa, weka faneli, unganisha bomba la silikoni la inchi mbili na nusu au tatu mpaka nyuma ya habu, lifunge lisiguse tairi wala shafti. Usukani ukatwe pande zote huku mtu akiangalia.

Watu hukimbilia kuondoa lile bamba la chuma lililo nyuma ya diski. Kwa gari la uwanjani pekee, sawa. Kwa gari linalorudi nyumbani kupitia barabara ya murram, liache au likate sehemu tu ya kuingiza bomba. Kokoto moja iliyokwama kati ya bamba na diski inapiga kelele. Ikikwama kati ya pedi na diski inachora mfereji.

Hatua ya 6: Diski

Zikifika kiwango, badilisha mbili kwa pamoja. Nunua diski nzuri zisizo na mapambo. Zenye mashimo ya kutoboa zinapendeza nyuma ya rimu, lakini nyufa za moto huanzia kwenye mashimo hayo. Zenye mifereji ni sawa. Hukwangua uso wa pedi ukabaki mpya, kwa gharama ya kuimaliza mapema kidogo.

Kabla ya kufunga, piga brashi ya waya uso wa habu mpaka chuma king'ae. Punje ya kutu iliyobaki hapo inaifanya diski icheze kwenye ukingo, na kwa mtetemeko huo utamlaumu bure mtengenezaji. Osha mafuta ya kinga kwa dawa ya breki. Nati za gurudumu kaza kwa spana ya toki kati ya Nm 80 na 100, msalaba kwa msalaba.

Nyufa nyembamba kama unywele juu ya uso ni kawaida ya diski iliyofanya kazi. Ufa unaonasa ukucha, au uliofika ukingoni, diski hiyo ni chuma chakavu.

Hatua ya 7: Kalipa kubwa, ikiwa bado unazihitaji

Kama umefanya yote hayo, pedi ni za daraja sahihi, hewa inafika, na bado unaunguza, basi gari lako limekuwa na kasi kuliko chuma chake. Sasa ongeza chuma. Kwa Impreza njia iliyonyooka ni Brembo za STI: mbele pistoni nne na diski ya milimita 326 kwa 30, nyuma pistoni mbili na diski ya 316 kwa 20. Faida kubwa iko kwenye diski hiyo nene. Kalipa imeifuata tu.

Mambo yanayowakwamisha watu ni haya. Rimu za inchi 16 haziingii, na si kila ya 17 inaingia. Jaribu kabla ya kulipa. WRX ya GD ina bolti tano kwenye duara la milimita 100, wakati STI za kuanzia 2005 zina tano kwa 114.3, kwa hiyo diski utakazoagiza lazima ziwe na matundu ya gari lako. Nyuma, hendibreki ya Subaru ni ngoma ndogo iliyo ndani ya diski, na ngoma hizo zina vipenyo tofauti. Pima ya kwako. Na usifunge mbele peke yake ukaacha nyuma ya zamani bila kufikiri: uwiano wa breki unahamia mbele, tairi za mbele zinazidiwa, na unaweza kusimama vibaya kuliko ulivyoanza.

Brembo zilizotumika kutoka Japani zipo mjini. Angalia pistoni zote nne zinasogea ukizisukuma, nipeli zinafunguka bila kukatika, na chini ya rangi hakuna ufa. Rangi mpya inayong'aa kwenye kalipa kuukuu inataka maswali mengi. Ziweke mipira mipya ya ndani, ile inayoziba pistoni, hata muuzaji akiapa. Seti ya mipira ni nafuu.

Siku yenyewe

Ondoka nyumbani ukiwa na chupa ya mafuta ya akiba, pedi za zamani, spana ya nipeli, mpira mwangavu na kipimo cha joto cha kuelekeza kwa mbali. Mzunguko wa kwanza ni wa kupasha moto, na wa mwisho ni wa kupoza. Huo wa mwisho uende nao polepole bila breki kabisa ukiweza. Kwa anayeanza, mizunguko mitano ya kasi kisha kutoka inatosha.

Ukiingia kupumzika usivute hendibreki. Weka gia, weka jiwe nyuma ya tairi, na usikae umekanyaga pedali. Kila baada ya dakika mbili lisukume gari nusu mzunguko wa gurudumu ili pedi isichome sehemu moja.

Kabla ya kuingia tena, chungulia unene wa pedi kupitia rimu. Ikibaki nusu, safari yake imeisha kwa siku hiyo, kwa kuwa pedi nyembamba hupitisha moto moja kwa moja kwenye pistoni na mafuta. Ukitaka kujua diski zinafika wapi hasa, paka ukingoni ile rangi ya kupimia joto: ya kijani hugeuka kwenye nyuzi 430, ya machungwa 560, nyekundu 610. Kama nyekundu imegeuka na pedi zako zimeandikwa 500, umeshajua cha kununua.

Jioni, kabla ya kushika barabara ya kurudi, acha kila kitu kipoe mpaka uweze kuweka kiganja kwenye rimu. Kaza nati upya kwa spana ya toki. Kanyaga pedali, ikiwa imeshuka hata kidogo kuliko asubuhi, toa hewa kwenye kalipa za mbele hapo hapo uwanjani, mafuta kiasi cha kikombe cha kahawa kila upande, ndipo uingie Mombasa Road na malori yake.